Viazi Vitamu Vyafaa Meza ya Sikukuu: Jinsi ya Kuoka Pai

Mkulima, sikukuu zikikaribia watoto hufunga shule, ndugu walio mjini hurudi nyumbani, na mama wa nyumba huanza kuhesabu mikate, keki na biskuti za kununua dukani. Wakati huo huo, nyuma ya mahindi, yako matuta ya viazi vitamu. Kila siku huchimbwa vichache, vikachemshwa na kuliwa asubuhi pamoja na chai. Lakini mgeni akibisha hodi, sahani ya viazi huondolewa upesi na mkate ukawekwa mahali pake, kana kwamba ni aibu mgeni kuona chakula kilichotoka katika udongo wako mwenyewe.

Hilo ni kosa, tena ni kosa la gharama. Wako watu wa nchi nyingine ambao siku ya sikukuu hawavifichi viazi vitamu, bali huviweka mbele ya wageni kuwa chakula cha heshima. Hao ni Wamarekani Weusi, na chakula chenyewe ni pai ya viazi vitamu. Pai ni ganda jembamba la unga wa ngano lililojazwa rojo ya viazi, mayai, maziwa na sukari, kisha likaokwa mpaka likashikamana. Katika makala hii tutaeleza pai hiyo ilitoka wapi, na jinsi wewe unavyoweza kuioka nyumbani kwako hata kama huna stima.

PAI HII ILITOKA WAPI

Kiazi kitamu ni mmea wa asili ya Amerika, katika sehemu zenye joto. Kutoka huko kilipelekwa Ulaya, Afrika na Asia baada ya safari za Columbus zilizoanza mwaka wa 1492. Waafrika waliochukuliwa utumwani Marekani walikuwa wamezoea viazi vikuu vya Afrika Magharibi. Huko ugenini walikuta viazi vitamu, wakavifanya badala ya vile vya kwao.

Posho ya mtumwa ilikuwa hasa unga wa mahindi na nyama ya nguruwe yenye mafuta mengi. Wengi walipanda viazi vitamu katika vijishamba vidogo karibu na vibanda vyao, wakavichoma katika jivu la moto. Unga wa ngano, sukari, siagi na tanuri vilikuwa katika jiko la bwana mwenye shamba. Lakini waliopika katika jiko hilo mara nyingi walikuwa wanawake Weusi. Mikono yao ilijua kuoka pai kwa namna ya Kiingereza, na ilijua pia kiazi. Vitu hivyo viwili vikaungana.

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka wa 1865. Mwaka wa 1881 mama mmoja aliyezaliwa utumwani, Bibi Abby Fisher, alitoa kitabu cha mapishi katika mji wa San Francisco. Yeye hakupata kusomeshwa, kwa hiyo maneno yake yaliandikwa na wengine. Pai ya viazi vitamu imo katika kitabu hicho, nayo hutiwa maji ya chungwa na ganda lake lililoparuzwa. Unga mweupe na sukari vilikuwa vitu vya kununuliwa, basi watu waliviweka kwa siku kubwa. Ndiyo sababu mpaka leo pai hii huliwa hasa siku ya Krismasi, na siku ya Shukrani, ambayo Marekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba.

Yuko mtu mwingine ambaye mkulima yampasa kumjua. Bwana George Washington Carver naye alizaliwa utumwani. Mwaka wa 1896 alikwenda kufundisha kilimo katika chuo cha Tuskegee, jimbo la Alabama. Huko aliwakuta wakulima Weusi wakilima pamba katika mashamba ya watu wengine, wakigawana mavuno na wenye ardhi, na kukopa chakula dukani mpaka msimu mwingine. Mavuno yalipofika, deni liliyameza. Bwana Carver aliwafundisha kupanda chakula chao wenyewe, hasa kunde, njugu na viazi vitamu. Mwaka wa 1906 chuo chake kilianza kupeleka gari la kukokotwa na wanyama vijijini, limejaa vyombo vya kufundishia ukulima. Aliandika pia vijitabu kwa wakulima, na kimoja kilieleza namna ya kuhifadhi viazi vitamu na njia nyingi za kuvipika. Alikufa mwaka wa 1943.

Mafundisho ya namna hiyo yalifika hata kwetu. Mwaka wa 1925 shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa kufuata mfano wa walimu waliozunguka katika shule za vijijini za Wamarekani Weusi. Wanaume walifundishwa kuwa walimu wa vijiji, na wake zao wakafundishwa mambo ya nyumba na malezi ya watoto. Mahali hapo leo pana chuo cha serikali cha kuwafunza watumishi wake.

Wewe mwenye kipande chako katika mpango wa makazi unajua tofauti ya kulima ardhi ya mtu na kulima yako. Basi lijue na fundisho hili: sikukuu inayotoka shambani haikuachii deni dukani mwezi wa Januari.

KWANZA CHAGUA KIAZI

Pai nzuri huanza shambani wala si jikoni. Chimba viazi vilivyokomaa, visivyokatwa kwa jembe. Kiazi kilichotobolewa na fukusi usikitumie hata kidogo. Kiazi hicho hujikinga kwa kutoa uchungu, na uchungu huo huenea mbali kuliko tundu unaloliona. Sukari haiwezi kuuficha.

Rangi nayo ina maana. Viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kama vile Kabode na Vitaa, vina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kumsaidia mtoto kushindana na maradhi. Mwili hukipokea vema zaidi kikiliwa pamoja na mafuta kidogo, na katika pai mafuta yamo. Faida ya viazi hivi imetambuliwa ulimwenguni: mwaka wa 2016 wataalamu waliovistawisha na kuvieneza katika Afrika walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani. Viazi vyenye nyama nyeupe au ya manjano hufaa pia kwa pai, lakini vingi vya kwetu ni vikavu kama unga. Hivyo vitataka maziwa zaidi, kama utakavyoona mbele.

Usivipike siku ile ile unayovichimba, kama unaweza kungoja. Viweke mahali penye joto, pasipo jua kali, juu ya nyasi kavu, uvifunike kwa magunia yenye unyevu kidogo kwa muda wa siku 4 mpaka 7. Usivioshe. Katika siku hizo majeraha ya ngozi hupona, na viazi huwa vitamu zaidi. Usiviweke katika friji, maana baridi huviharibu: vikipikwa hubaki na moyo mgumu.

CHOMA, USICHEMSHE

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Kiazi kilichomenywa, kikakatwa vipande na kuchemshwa, hunywa maji. Rojo yake huwa nyepesi, nayo pai haishikamani. Ndipo mpishi huongeza sukari na mayai ili kuponya ubaya huo, na gharama hupanda.

Choma kiazi kizima na ngozi yake, polepole. Kiazi kina wanga, na ndani yake mna kitu cha asili kinachougeuza wanga huo kuwa sukari. Kitu hicho hufanya kazi kiazi kinapopata joto, lakini joto likizidi sana hufa. Moto mkali wa haraka hukipitisha kiazi upesi mno katika joto linalofaa. Moto wa polepole hukipa muda. Kwa hiyo kiazi kilekile kikichomwa saa nzima katika jivu la moto huwa kitamu kuliko kikichemshwa upesi, na sukari ya dukani utakayotumia itapungua.

Fukia viazi katika jivu la moto lisilo na ndimi za moto, ugeuze mara kwa mara. Vya kiasi vitaiva kwa muda wa saa moja au zaidi kidogo. Kijiti kikipita katikati bila kuzuiwa, vimeiva. Kama hapana budi kuchemsha, chemsha viazi vizima na ngozi zake, ukianza na maji baridi na moto mdogo, kisha mwaga maji na uviache vikauke.

VITU VINAVYOTAKIWA

Vipimo hivi vyatosha pai moja ya upana wa sentimita 23, yaani vipande 8.

Kwa ganda la unga: vikombe 1½ vya unga wa ngano, gramu 100 za siagi au mafuta magumu ya kupikia, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko 3 mpaka 5 vya mezani vya maji baridi sana.

Kwa rojo: gramu 700 za viazi vitamu, yaani viazi 3 vya kiasi; gramu 60 za siagi; robo tatu ya kikombe cha sukari; mayai 2; nusu kikombe cha maziwa; nusu kijiko cha chai cha mdalasini; robo kijiko cha chai cha kungumanga; robo ya tangawizi ya unga; robo ya chumvi; na ganda la nusu chungwa lililoparuzwa.

Ukikosa kungumanga usiache kuoka. Mdalasini na ganda la chungwa vyatosha. Kama viazi vyako ni vitamu sana, punguza sukari iwe nusu kikombe.

KUTENGENEZA GANDA

1. Changanya unga na chumvi. Tia mafuta yakiwa magumu na baridi, uyavunjevunje kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama chenga. Usitumie viganja vya mikono, kwa kuwa vina joto na huyayeyusha mafuta.

2. Nyunyiza maji kijiko kimoja kimoja, na mara unga ukishikana acha kutia maji. Usiukande kama unga wa chapati. Ukiukanda, ganda litakuwa gumu kama ngozi.

3. Funika unga, uuweke mahali pa baridi kwa nusu saa. Kisha usukume kwa kifimbo cha chapati mpaka uwe duara kubwa kuliko chombo chako. Ulaze ndani ya sahani ya bati au sufuria pana isiyo na kina, ukate unaozidi ukingoni. Choma chini kwa uma mahali pengi, ili hewa isiuinue.

4. Oka ganda tupu kwa dakika 10 mpaka 12. Likiwa bado moto, lipake ute wa yai kidogo uliochukua katika yale mayai mawili. Ute huo hukauka na kuzuia rojo isiloweshe ganda.

KUTENGENEZA ROJO

1. Menya viazi vikiwa na joto, uviponde mara moja pamoja na siagi. Vipitishe katika chujio pana ili kuondoa nyuzi. Utapata vikombe 2 hivi.

2. Tia sukari, chumvi, viungo na ganda la chungwa, ukoroge. Onja sasa kabla mayai hayajaingia, urekebishe utamu.

3. Piga mayai kwa uma, uyatie rojo ikiwa imepoa kidogo. Ikiwa moto sana, mayai yataiva vipandevipande.

4. Tia maziwa kidogo kidogo. Rojo inayofaa ni kama uji mzito wa mtoto, uangukao polepole kutoka kijikoni. Viazi vya rangi ya chungwa huenda visihitaji maziwa yote. Viazi vyeupe vikavu huenda vikataka kikombe kizima. Fuata macho yako kuliko kipimo.

5. Mimina rojo katika ganda, uisawazishe, kisha uoke.

TANURI BILA STIMA

Mwenye tanuri la stima au gesi na alitie moto wa digrii 180 kwa kipimo cha Selsiasi. Asiye nalo atumie sufuria kubwa nzito yenye kifuniko kinachokaa sawa. Tia ndani mchanga mkavu wa kimo cha vidole viwili, uweke juu yake vijiwe vitatu vikavu vilivyo sawa. Usitumie mawe yaliyotoka mtoni karibuni, maana yakipata moto huweza kupasuka. Weka sufuria juu ya jiko la makaa, uifunike, uache ipate moto kwa dakika 15.

Kisha weka chombo cha pai juu ya vijiwe. Chombo kisiguse ubavu wa sufuria, ili joto lizunguke. Funika, uweke makaa juu ya kifuniko. Kanuni ni hii: makaa machache chini, mengi juu. Wapishi wengi hufanya kinyume chake, nao hupata pai iliyoungua chini na mbichi juu. Debe safi lililolazwa ubavu, lenye mlango wa bati, laweza kutumika kwa njia hiyo hiyo.

Ili kujua kama moto ni wa kiasi, weka kipande cha karatasi nyeupe ndani kwa dakika 5. Kikigeuka rangi ya chai ya maziwa, oka. Kikiwa cheusi, punguza makaa. Fanya kazi hii nje au mahali penye hewa ya kutosha. Moshi wa makaa katika nyumba iliyofungwa huua.

Pai huoka kwa dakika 45 mpaka 55. Usifunue kila mara. Imeiva wakati kingo zimeinuka kidogo na katikati yatikisika kidogo tu ukigusa chombo. Kisu kikiingizwa karibu na katikati kitoke safi. Ikipasuka juu, moto ulikuwa mkali au umeioka kupita kiasi. Italiwa vema, ila wakati mwingine punguza makaa.

Sasa ngoja. Pai ya moto haikatiki. Iache saa 2 ipoe, ndipo ishikamane na ladha ya viungo itulie.

KUHIFADHI NA KUUZA

Pai hii ina mayai na maziwa, basi haikai kama keki kavu. Asiye na friji aioke asubuhi na iliwe siku hiyo hiyo. Mwenye friji aifunike na aiweke humo mara ikishapoa. Itakaa siku 3. Iliyochachuka au kuota ukungu itupwe. Usimpe mtoto.

Akina mama wa kikundi wakitaka kuuza vipande siku ya soko au siku ya harambee, kwanza wamwone afisa wa afya awaeleze sheria za kuuza chakula. Pili, wahesabu gharama yote kabla ya kutaja bei: unga, sukari, siagi, mayai, maziwa, viungo na makaa. Viazi vya shambani navyo viwekwe bei ya soko, na mayai ya kuku wako vivyo hivyo, kwa kuwa ungaliweza kuviuza. Asiyehesabu vitu vyake hudhani amepata faida, kumbe amekula mtaji.

Tena usingoje siku ya sikukuu ujifunze. Oka pai ya kwanza Jumapili moja kabla, watu wa nyumbani waionje na kuikosoa. Ya pili itakuwa bora. Watoto wapewe kazi ya kuponda viazi na kuparuza chungwa. Ndivyo pai hii ilivyopita kutoka kwa bibi hadi mjukuu kule Marekani, wengi wao bila kitabu.

Mwisho, usile viazi vyote ukasahau mbegu. Chagua mashina yenye afya, yasiyo na majani yaliyokunjamana wala yenye madoa ya ugonjwa, uyawekee mahali penye unyevu ili upate vikonyo vya kupanda mvua ikianza. Viazi vingi hukomaa kwa miezi 4 au 5, basi hesabu nyuma kutoka Desemba, ujue siku ya kupanda vya sikukuu ijayo. Ukitaka vikonyo vya viazi vya rangi ya chungwa, mwulize Bwana Shamba wa sehemu yako.

Na mgeni akija siku ya Krismasi, usiondoe kitu mezani. Mkatie kipande, umwache ale kwanza. Akiuliza ni keki ya duka gani, mpeleke nyuma ya nyumba umwonyeshe matuta.